Tumbo la Samaki wa Baba

Recife, Jumapili

Kaka yangu Otoniel,

Habari za melini? Hapa mvua tu. Yule samaki wa manjano wa baba alivimba tumbo, akawa anaelea kiubavu ndani ya tangi lake. Nilidhani kamba wa sokoni tunaomlisha wamemdhuru. Nikamnyima chakula siku nne, nikabadilisha maji ya chumvi, akapona.

Jumatano akavimba tena. Nikakaa jikoni nikichungulia. Asubuhi hiyo moja baba alimlisha nyama ya kusaga mara tano, kila mara akimwambia, "Maskini, hujala tangu jana."

Nikamwambia, "Baba, umeshamlisha."

Akanitazama kwa adabu. "Asante, dada. Wewe wa nyumba ipi?"

Kaka, naogopa. Nimeficha kiberiti na ufunguo wa lango. Rudi angali anakutaja.

Mdogo wako,
Jacira