Nafasi ya Katikati

Kalemie, kando ya ziwa

Mama yangu mpenzi, Mama wa mapacha,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote walioko nyumbani Ankoro. Mguu umepunguza kuvimba? Maji ya mto Luvua yameshuka, mmeanza kulima kule bondeni? Mimi ni mzima wa mwili. Vifuko viwili vya karanga ulivyompa Papa Banza wa baiskeli vimefika, vimelingana sawasawa kama desturi yako. Mpaka leo unatuma viwili, kwa kuwa kwetu pacha hapewi kitu peke yake, na mimi mpaka leo ninakula kimoja tu. Cha pacha wangu Kyungu ninakiweka juu ya kabati. Panya wa hapa wanakushukuru sana.

Kitwa mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, usiruke hata mstari. Najua tabia yako ya kuruka mabaya ili Mama apate usingizi. Leo soma yote.

Habari za hapa ni kwamba serikali imekumbuka ufukwe wetu. Walikuja watu kutoka Kinshasa, pamoja na wale wa jimbo, wakatukusanya chini ya hema: wenye boti, sisi wabebaji wa kuvusha abiria majini, na watu wenye ulemavu. Wakatusomea sheria mpya. Inasema mtu asiyeweza kutembea ana haki ya kusafiri kama wengine. Yeye si mzigo, na hawekwi wa mwisho. Baadaye wakamwaga sementi, wakafanya mteremko kutoka barabarani hadi majini, na daraja la mbao la kuingilia ndani ya boti. Kila boti ya kwenda Moba imepigiliwa kiti kimoja chenye mkanda, katikati kabisa, kimepakwa rangi ya njano. Ziwa lenyewe halijasoma sheria, limepanda tena na kumeza mwisho wa ule mteremko. Hata hivyo magurudumu yanapita.

Siku ile ya mkutano, mama mmoja wa serikali, ambaye mwenyewe anatembea kwa magongo, aliuliza: "Ni nani hapa amekwisha kubeba mutu kilema mu maji? Atuelezee." Wenzangu wote wakanigeukia. Nikatazama mchanga, nikasema sina la kueleza.

Mama, ninalo. Nilikuambia kwamba Kyungu alipokuwa anakwenda Moba kutengeneza redio za watu, alikaa katikati ya abiria na wimbi kubwa likaja likamchukua. Nilikudanganya.

Sikia mtindo wetu wa kazi ulivyokuwa. Wenye miguu tuliwabeba kwanza mgongoni hadi kwenye boti, maana hao wakicheleweshwa wanapiga kelele. Kilema alingoja. Baiskeli yake ya kuzungusha kwa mikono ilitangulia kuingizwa chini ya magunia, kwa hiyo hata akichoka kungoja hawezi kurudi nyumbani. Anakaa mchangani tu. Tuliwafanyia hivyo wote, nami niliona haya kumtanguliza ndugu yangu Kyungu, wenzangu wasije wakanicheka. Zamu yake ilipofika, boti ilikuwa imejaa. Pale katikati palikuwa na gunia la ndagala, samaki wakavu wa mfanyabiashara mmoja mwenye mdomo mkali. Kyungu aliniambia sikioni, mikono yake imenizunguka shingo: "Uniweke katikati, Kabange. Pembeni sina kitu ya kujishikilia."

Nikamjibu kaka yangu, "Hakuna nafasi, yaya. Shika tu ubao."

Nikamweka ukingoni. Alinipungia mkono mmoja, wa pili umeshika ubao. Waliokuwa naye waliniambia wimbi lenyewe halikuwa kubwa. Hakuna mwingine aliyeanguka, na ziwa halikumrudisha.

Tangu hapo mikono ile haijatoka shingoni mwangu. Ninampeleka abiria, ninamshusha, ninarudi nchi kavu mgongo mtupu na bado ninahema. Mzee Mulenda, mwenzangu wa kazi, aliniuliza mbele ya watu, "Kabange, weye unarudi umeinama hivi, unabeba nani?" Wakacheka. Nikasema kiuno kinaniuma. Maji yakitulia ndipo ninamsikia vizuri zaidi: katikati, katikati. Ninaogopa, Mama.

Juma lililopita alikuja Mama Sifa, muuza vitenge ambaye miguu yake ilikauka tangu utoto. Ndiye wa kwanza kupita kwenye ule mteremko na kiti chake cha magurudumu, na aliyemsukuma ni mimi. Kufika kwenye boti, tunakuta kiti cha njano kimekaliwa na gunia la ndagala. Nahodha akasema, "Hakuna nafasi. Huyu mama ni mwepesi, tumutie pale pembeni, tunachelewa."

Nilisikia sauti yangu mwenyewe kinywani mwake. Nikashika kamba, nikamwambia boti haiondoki. Akaniita mwendawazimu. Nikapanda, nikalikumbatia lile gunia, nikalisogeza nyuma karibu na mota. Basi. Lilisogea. Mwenye gunia hata hakugeuka kutazama. Nilipokuwa ninamfunga Mama Sifa mkanda akaniuliza, "Papa, unalia nini na leo ndio siku ya furaha?"

Ninalia kwa sababu lile gunia lilikuwa jepesi, Mama.

Mama Sifa alifika Moba salama. Lakini mgongo wangu haujapungua uzito, ndiyo maana ninakuandikia.

Nisalimie mama mdogo Ngoie anayekuchotea maji, na mjomba Ilunga mchonga mitumbwi, yeye aliyemchongea Kyungu magongo ya kwanza. Mwambie naye ukweli huu.

Usihangaike kutafuta karatasi ya kunijibu. Karanga zikivunwa, Papa Banza atapita kwako kama kawaida. Ukimpa vifuko viwili, nitajua bado unatuhesabu sote wawili. Ukimpa kimoja, nitajua ni cha Kyungu, nami nitakipeleka ziwani bila kukifungua.

Mwanao aliyezaliwa wa pili,
Kabange