Karatasi Iliyobaki Kikombeni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwadilifu asiyependelea.

Kitengela, Machi 1998

Mume wangu, Baba Muhumed,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Illasit. Mbuzi uliowaacha ni wazima, na mvua imeanza.

Kila unapokwenda mnadani hupiga kura baina yetu wake zako wawili, ujue nani atafuatana nawe, kama dini ilivyotufunza: unaandika majina yetu kwenye karatasi mbili, unazikunja kikombeni, kisha unatoa moja. Safari nne sasa limetoka jina la Najah. Akipanda gari alinicheka: "Mama Muhumed, kura inanipenda!"

Nimehesabu. Safari moja ina matokeo mawili: mimi au yeye. Safari nne zina matokeo kumi na sita, na moja tu ndilo linalompa yeye zote. Mungu akitaka, hata hilo hutokea. Lakini wivu umeninyima usingizi.

Karatasi ya pili bado imo kikombeni, imekunjwa. Ikiwa na jina langu, nitatubu kwa kukudhania vibaya. Ikiwa na jina lake, utanieleza. Sijaigusa. Rudi uikunjue mbele yangu.

Mungu akubariki wewe, na nyumba zako zote mbili.

Mkeo,
Fosiya