Jifunze Kuanguka Kwanza

Antofagasta, 4 Novemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na kuku wanataga. Mimi mzima, ila vumbi la huku jangwani bado sijalizoea.

Desemba nitapanda volkano yetu, Rukapillán, mimi na Jacinta wa kazini, na kiongozi wa kukodi, kwenda na kurudi siku moja. Usinune. Nilipokuwa na miaka kumi na tano ulinirudisha tukiwa karibu kabisa na mdomo wake, ukasema umeogopa. Kiongozi mzima! Shule nzima ilinicheka. Safari hii lazima nichungulie ndani.

Nijiandaeje?

Binti yako,
Antilén

Curarrehue, 15 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, na kuku wamegoma. Nilinuna, kisha nikacheka: umelelewa na kiongozi, halafu unakwenda kukodi wa watu.

Panda ngazi na begi la mchanga, huko haukosekani. Viatu vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba. Halafu jifunze kuanguka kwanza. Lala chali kichwa kikiwa chini, uteleze, ugeuke, ukandamize sururu ya barafu kwenye theluji kwa kifua. Uweze hata usingizini.

Theluji inapoanzia, mwaga muday kidogo, kinywaji chetu cha nafaka, uuombe mlima ruhusa. Jacinta akicheka, mwache acheke.

Kuhusu siku ile, niliogopa, basi.

Baba yako

Pucón, 14 Desemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hujambo na magoti yako? Sisi tumeshuka salama.

Kuanguka tulijifunzia kwenye vilima vya mchanga, na mipini ya fagio badala ya sururu. Jacinta aliniita gunia la viazi. Lakini leo nilipomwaga muday hakucheka, alivua kofia.

Theluji ilishika vizuri. Karibu na juu upepo ukageuka, ukatuletea moshi. Tukavaa barakoa. Kiongozi akasema tungoje, ukipungua tutachungulia. Ila kiongozi ni yeye peke yake, mmoja wetu akirudi tunarudi wote. Ukingo niliuona, Baba. Ningeweza kuutupia jiwe.

Jacinta alikuwa anakohoa, anakificha kikohozi kwa kujifanya anaimba. Nikamsogelea, nikaona midomo yake imegeuka rangi ya zambarau. Ningemtaja yeye, angebisha mpaka jua lizame. Nikasema, "Jamani, mimi nimeogopa. Turudi."

"Na ulivyojigamba! Kweli wewe mtoto wa baba yako," akaniambia.

Amelala kitanda cha pili, amenipa mgongo, na sasa anapumua vizuri. Nimeumia, siwezi kukuficha. Nilitaka sana kuuona ule moto. Nimekaa namsikiliza anavyopumua, nikakukumbuka wewe tulivyorudi nyumbani siku ile, ulivyokaa mlangoni kwangu na viatu vyako vya theluji bila kuvivua.

Kesho nakuja. Usichinje kuku, hata hao waliogoma. Nataka uniambie jambo moja tu: siku ile, nilikuwa nakohoa?

Binti yako,
Antilén