Sahani Mbili Kwa Pamoja

Lubumbashi, mtaa wa Kenya
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwako mama yangu, Mama Mapasa wa Kongolo,

Nakuamkia kwa mikono miwili, kama wanavyokuamkia wote wanaojua kwamba ulituzaa siku moja, mimi na Kabwe. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ile ngazi ya kanisa bila fimbo, au umekubali ushauri wa watu? Sisi huku tu wazima. Mkweo Baba Ngoie anachomelea milango ya vyuma kutwa nzima karakanani, anarudi macho mekundu lakini anakula vizuri, na mwanamume anayekula hana ugonjwa. Kabwe, dada yangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mahali. Leo nina habari, na furaha imeniwahi hata kabla sijapata kalamu.

Mama, unamkumbuka Ngoie, binti wa mume wangu, yule wa miaka kumi na mmoja aliyefiwa na mama yake kabla sijaolewa hapa. Mwaka mzima tumekaa nyumba moja, na mwaka mzima ameniita tantine, kama wanavyoita huku shangazi aliyekuja kutembea. Anasalimu vizuri, anaosha vyombo, hana jeuri. Ila ukimwuliza jambo, jibu lake ni fupi kama kidole cha mwisho. Anayezungumza naye ni Shefu, paka mkubwa wa kijivu aliyekatika sikio moja. Marehemu mama yake ndiye aliyemlea paka huyo, na mimi nilimkuta amelala kando ya mbabula yetu ya makaa, akanitazama kama askari anayemhoji mtu.

Shefu ni mzee, kazi ya panya ameshaacha. Panya nao wakajua. Wakaingia katika magunia yangu ya unga ninaouza sokoni, na mteja mmoja akaokota mavi yao mbele ya watu. Aibu niliyoipata, sikuelezi. Basi nikaenda Kasungami kwa yule mama anayeniuzia mahindi, akanipa mtoto wa paka, mwekundu mwenye miguu myeupe. Nilimbeba ndani ya mfuko wa unga, mdomo umefungwa kidogo, asione njia ya kurudia, kama ulivyotufundisha.

Hapo nikafanya kosa, na kosa lenyewe umenifundisha wewe. Kwetu mgeni hula kwanza. Kabla ya kuulizwa habari za safari, ameshanawa na sahani iko mbele yake. Nikachukua sahani ya Shefu, nikaijaza vichwa vya wale samaki wadogo wa ndagala, nikamwekea mgeni pale pale kando ya mbabula, na Shefu anatazama. Heshima gani hiyo niliyomfanyia mgeni, na matusi gani kwa mwenye nyumba. Shefu alivimba mara mbili yake, akampiga yule mdogo kofi la pua, kisha akapanda juu ya bati. Siku mbili hakushuka. Ngoie alisimama chini na sahani, akimbembeleza, mpaka majirani tunaokaa nao ua mmoja, lupango yetu, wakatoka kuangalia.

Siku ya pili jioni aliingia ndani, akakunja nguo zake na kuzitia katika begi. Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Tantine, kama Shefu anaenda, na miye nitaenda kwa nkambo ku Kambove."

Nkambo ni bibi yake, mama wa marehemu. Baba Ngoie akamwahidi kwamba akiendelea kutaka, Jumamosi ya wiki inayofuata atampeleka kwa basi. Mama, niliogopa. Sikuogopa maneno ya watu, ingawa ungeyasikia tu sokoni: amemfukuza mtoto wa mwenzake. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeshampenda, na sikuwahi kumwambia.

Nikamfungia yule paka mgeni chumbani, nikakaa, nikajiuliza wewe ungefanyaje. Nikakumbuka lile gauni. Shangazi alituletea gauni moja, la kwangu, na wewe ukamrudishia mbele ya wageni, ukasema mapasa hawana wa kwanza mezani. Ukitupa chakula, sahani mbili zilishuka kwa pamoja, moja katika kila mkono, na hakuna aliyetangulia hata kwa kijiko. Nikasema basi, hawa nao ni mapasa, hata kama mmoja amezaliwa na ndevu.

Shefu aliposhushwa na njaa, nilinunua sahani mbili za aina moja. Mmoja alikula upande huu wa rido, lile pazia la mlango wa chumba, mwingine upande wa pili. Lakini mikono yangu haikufika pande zote mbili, na aliyechelewa kupata alikuwa ananguruma. Nikamwomba Ngoie ashike sahani ya Shefu. Alikubali kwa ajili ya Shefu, si kwa ajili yangu, nami sikudai zaidi. Asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi, yeye sebuleni, mimi chumbani, rido katikati. Anahesabu kwa Kifaransa cha shuleni, *un, deux, trois*, na sahani zinagusa sakafu kwa mlio mmoja. Kila siku tukazisogeza shubiri moja.

Sijui rido ina dawa gani, Mama. Tukiwa hatuonani uso, mtoto akaanza kusema. Aliniambia mama yake alimwokota Shefu kando ya reli akiwa mdogo wa kujaa kiganjani. Aliniambia anaogopa amesahau sauti ya marehemu. Nami nikamsimulia kuhusu gauni, na jinsi watu wa Kongolo wanavyokuita Mama Mapasa na kukupa mikono miwili. Akauliza je, mimi watu wananiitaje. Nikasema mimi sijazaa, wananiita kwa jina tu. Paka wakaendelea kutafuna.

Ijumaa tulifunua rido. Shefu akampiga mdogo kofi moja, jepesi, la kuweka sheria. Kisha akala. Kisha, naapa, akamlamba sikio. Tulishikana mikono, mimi na Ngoie, bila kujua tumeshikana.

Lakini begi lilibaki mlangoni, nami sikuthubutu kuuliza. Jumamosi asubuhi, yaani jana, nikamkuta Shefu amelala ndani yake juu ya sare ya shule, na mdogo amejibana tumboni mwake. Baba Ngoie alikuwa amevaa viatu, akawatazama, akamwuliza binti yake kama wanaenda au hawaendi.

Ngoie alikuwa akisugua sahani. Hakuinua hata macho.

"Papa, mi nitaenda namna gani? Sahani iko mbili. Mama Mapasa ataweka ingine na nani?"

Mama, nilitoka uani kama mtu anayefuata makaa, nikalia mpaka nikashiba.

Kabwe, usinune ukisoma hapa: mdogo tumempa jina lako, kwa kuwa amekuja wa pili na anakula kwa kelele. Panya watatu ameshawaleta mlangoni.

Nisalimie baba mdogo wa mizinga ya nyuki, shangazi wa kwaya (mwambie lile gauni limenisaidia hatimaye), na mke wa kaka yetu pamoja na huyo anayembeba tumboni. Ngoie ameketi hapa kando yangu, anataka umpokee likizo ya shule ikifika. Anasema atakupa mikono miwili.

Ni mimi mwanao Kyungu,
Mama Mapasa wa Kenya