Nilimpima kwa Macho

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nilirudi jana kutoka Sondu. Nimemwacha mume wangu Bildad kule, tulizika kaka yake juzi na yeye atabaki na ndugu zake mpaka Jumapili. Mimi samaki hawanisubiri. Na Askofu lazima ale.

Askofu ni poni wetu, farasi wa umbo dogo. Wetu kwa maneno tu — ni wa Bildad. Mzee alitunza farasi wa watu Nairobi miaka ishirini na sita. Halafu mwaka juzi akapooza upande mmoja, akarudi nyumbani kukaa anatazama ukuta. Nilidhani nitamzika akiwa kwenye kile kiti. Mwaka jana akaleta huyu mnyama mwenye duara jeupe shingoni, nikasema sasa tumeishiwa na akili. Lakini kesho yake mzee aliamka kabla yangu, akavaa viatu mwenyewe. Kwa hiyo simlaumu Askofu. Namwogopa tu, mbele kwa meno na nyuma kwa mateke.

Leo asubuhi nikifagia banda nimeona minyoo kwenye mavi yake. Mirefu, myeupe, minene kama tambi zilizosahaulika kwenye maji. Mmoja ulikuwa bado unajikunja. Niliacha fagio pale pale nikatoka.

Jumanne, 4 Machi

Minyoo tena. Na sasa nikimwangalia vizuri naona mengine — manyoya hayana mng'ao, mbavu zimetokeza, tumbo kubwa. Nimekuwa nikimpitia kila siku na ndoo ya maji, sikuona kitu.

Bildad aliniambia tukiagana: kukiwa na shida nipigie, usijifanye daktari. Nilishika simu. Nikafikiria matanga, nikafikiria presha yake na ule mkono unaotetemeka akisikia habari mbaya. Nikaiweka simu chini.

Nikaenda agroveti Kondele, duka la dawa za mifugo. Mama anayeuza pale, Naswa, alisema dawa ya farasi imebaki moja, ya bomba, unasukuma mdomoni, na hiyo inaua kila kitu. Akauliza, ana kilo ngapi? Akasema ni afadhali nimpime na utepe kwanza. Nilicheka. Miaka kumi na tisa nanunua samaki aina ya mbuta pale Dunga, nataja kilo kabla mzani haujatulia, wavuvi wananinunia kwa sababu hiyo. Nikamwambia mia tatu. Akauliza, "Mama, uko sure?" Nikamwambia jicho langu halijawahi kunidanganya.

Jioni jirani yangu Opondo alishika kamba, mimi nikasukuma dawa mpaka alama ya mia tatu. Askofu alimeza, akanitazama vibaya. Nilijipongeza na chai.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi imetoka minyoo rundo zima. Nilimwita Opondo aje aone, kama mtu aliyeshinda kesi.

Mchana Askofu hakugusa nyasi. Saa tisa akalala chini. Akainuka. Akageuza shingo kutazama tumbo lake, kama anauliza kuna nini humo. Akalala tena, akabingirika. Jasho shingoni. Ametoa mavi kidogo saa kumi na moja, magumu.

Nimempigia daktari wa mifugo, Wakoli. Atakuja kesho mapema.

Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Wakoli amekuja saa moja. Alifungua mdomo wa Askofu, akatazama meno, akasema huyu hajafika hata miaka miwili, ni mtoto. Kumbe ndiyo maana Bildad hajawahi kukubali mtu ampande. Mimi nilidhani ni choyo.

Kisha akamzungushia utepe kifuani, akapiga hesabu, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa banda: 160.

Nilisoma ile namba mara tatu. Nikamwambia, lakini ana tumbo kubwa. Akasema, "Hiyo tumbo ni minyoo, mama. Si nyama."

Mimi! Mimi ndiye ninayewafundisha wanunuzi wapya pale ufukweni: mbuta akijaa mayai usihesabu tumbo, tazama mgongo. Nimewacheka wanawake wazima kwa kosa hilo.

Wakoli akaeleza taratibu. Farasi mdogo akiwa na minyoo mingi hivi, hawaiui yote siku moja. Ikifa pamoja inajisokota ndani, inaziba utumbo, na utumbo unaweza kupasuka. Unaanza na dawa ya upole, kidogo kidogo. Akauliza: ulimpa ya kilo ngapi?

Nikasema themanini, nusu ya ile ya mlangoni.

Sijui uongo ule ulitoka wapi. Ulitoka wenyewe, laini, hata sikukohoa. Wakoli alishusha pumzi. Akasema basi tuna bahati, mingi bado iko hai, iliyokufa itapita. Alimpitishia mrija wa mpira puani, akamimina mafuta mpaka tumboni. Ameniachia unga wa dawa, nianze kesho, siku tano, kuua iliyobaki. Akanionyesha pa kuweka sikio: ubavu huu na ule. Pakinguruma, kuna matumaini.

Kushoto panasikika kidogo. Kulia kimya.

Saa kumi Bildad amepiga. Sauti yake ilikuwa nyepesi, wamekula, wamemkumbuka marehemu mpaka wakacheka. Akauliza, Askofu amekula? Nikasema amekula.

Uongo wa pili, siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Unga wa dawa uko mezani. Nimeufungua mara mbili nikaufunga. Nikimpa, naongeza maiti juu ya maiti. Nisipompa, Wakoli atajua. Nimekaa na hilo tangu alfajiri kama mpumbavu.

Saa nne nilimpigia. Nikasema daktari, ilikuwa mia tatu. Mia tatu kamili.

Akasema, "Mama, ungeniambia jana." Basi. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Akasema ule unga usiuguse. Alikuja mbio, akamimina mafuta mengine, akamdunga sindano ya maumivu. Akasema Askofu akitoa mavi kufikia kesho mchana, atapona. Asipotoa, hakuna wa kumpasua huku kwetu. Akasema mzee lazima aambiwe leo. Nikishindwa atampigia yeye. Nikamwambia nitampigia mwenyewe.

Ni jioni. Sijapiga.

Hakuna mavi tangu Jumatano. Askofu amesimama kichwa kwenye kona. Nimemshika shingo kwa mara ya kwanza, pale penye duara jeupe. Hakuniuma. Heri angeniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nne pikipiki imesimama mlangoni. Bildad! Siku moja kabla. Hakuna aliyemwambia. Anasema sauti yangu juzi haikumkaa vizuri.

Hakubadilisha hata viatu vya msibani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akaegemeza ule mkono mgonjwa juu ya mgongo wa Askofu, akaweka sikio ubavuni. Kushoto. Kisha akazunguka polepole, kulia. Amekaa hapo muda mrefu. Akanyoosha kidole kimoja bila kunitazama: nisiongee.

Nimekaa mlango wa jikoni na daftari hili magotini kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Nilipanga maneno. Nilikuwa naanza na Naswa wa agroveti, jinsi alivyosema inaua kila kitu. Nimeona aibu, nimeyaacha.

Sasa amenyanyuka. Ameona bomba la dawa pale juu ya ubao. Sikulitupa, sijui kwa nini. Analigeuza kwenye mwanga, anatafuta alama. Ameipata. Sasa anasoma chaki ya Wakoli mlangoni. Anarudi kwenye bomba.

Askofu ameinua mkia kidogo. Ameushusha. Hakuna kitu.

"Magdalene," anasema. "Kuja hapa."

Miaka thelathini na moja ananiita Mama Amolo. Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa. Nafunga daftari.