Kiti cha Eme

Skärholmen, Stockholm
4 Mei 2008

Mpwa wangu Flaviana,

“Mjomba si mzazi. Apelekewe kadi kama wageni wengine.” Ndivyo alivyosema baba yako mdogo Wambura kwenye kikao cha mahari yako, nawe umeniandikia bila kuyatia sukari. Marahaba, mama. Mimi mzima, baridi imetuachia. Sasa nimjibu!

Waingereza wa zamani walikuwa na neno eme: ndugu wa kiume wa mama, huyo tu. Katika tenzi zao za kale shujaa hujivunia eme wake, na binti akibanwa humkimbilia eme. Kisha wakachukua neno la Wafaransa, uncle, wakawatia wajomba na baba wadogo kapu moja. Eme akafa. Huku Waswidi hadi leo wanasema morbror, ndugu wa mama, na hakuna anayewacheka. Wambura anataka tuwe maskini kuliko wao? Msomee!

Mjomba wako,
Zephania

Musoma
11 Mei 2008

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, ila goti. Barua pepe yako nimeisoma mbele ya kikao. Baba mdogo alicheka hadi akavua miwani: “Shemeji ametuletea maiti ya Kizungu!”

Nami nikuchokoze. Mwalimu wangu wa zamani, Gaudiosa, anasema kuna utenzi wa hao hao Waingereza ambamo eme ndiye anayemlaghai mpwa wake hadi mikononi mwa mwanamume. Hilo hukuandika! Jina umelitetea, Mjomba. Kazi je? Kwetu mjomba ndiye humwuliza binti mbele ya watu: “Huyu unamtaka?” Tangu baba afariki, baba mdogo ndiye msemaji, na amenichagulia rafiki yake Bonaventure. Mimi namtaka Akili, mwalimu mwenzangu. Hakuna aliyeniuliza. Kikao cha mwisho ni Jumamosi, tarehe 24.

Usitume hoja. Njoo.

Mpwa wako,
Flaviana

Skärholmen, Stockholm
19 Mei 2008

Mpwa wangu,

Pole ya goti kwa dada yangu. Alipumzishe, atalihitaji kwa kucheza.

Huyo eme mlaghai ni shahidi wangu, si wako! Mtunzi angetuumizaje naye kama wasomaji wake hawakujua kwamba eme anapaswa kumlinda mpwa? Usaliti huuma pale palipo na wajibu.

Msimamizi wangu alininyima likizo ya harusi. Nikamwambia, “Mimi ni morbror wa bibi harusi.” Akauliza tu ndege inaondoka lini.

Kuanzia hapa wasomee wanakikao.

Shemeji Wambura na wazee wenzako, nafika Ijumaa. Wekeni kiti changu mbele, kando ya dada yangu. Nitauliza swali moja. Bonaventure asilijibu. Wambura, nawe usilijibu. Nyamazeni nyote, mumsikilize Flaviana.

Mjomba