Ugali Uliouacha Ndani ya Injini

Somanda, Bariadi

Baba,

Leo asubuhi alikuja mtu na pikipiki inayotoa moshi mwingi. Aliizima mbele ya kibanda, akachungulia ndani juu ya kichwa changu, akauliza, "Fundi yupo?" Nikamjibu, "Hayupo." Akapiga kiki, akaondoka. Huyo ni wa nne wiki hii. Wote nimewajibu hivyo hivyo, na huyu nilimwangalia akikata kona ya hospitali na moshi wake, nikijua kabisa kwamba ni ringi za pistoni tu zimekwisha.

Nikakaa kwenye benchi lako nikaona nikuandikie. Shuleni walitufundisha barua ya kirafiki na barua ya kuomba kazi. Hii hawakutufundisha, kwa hiyo unisamehe nikichanganya mambo.

Baba mdogo amenipa muda mpaka msimu wa pamba uishe. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Kabula, kibanda kisicholisha mtu ni zizi lisilo na ng'ombe." Wateja wasiporudi atauza vifaa vyako, nami nitakwenda Kalemela kwa shangazi nikaanike dagaa. Shangazi ananipenda, najua. Lakini Kalemela hakuna kitu hata kimoja ulichowahi kukishika.

Kwanza nikueleze habari za Chura, maana uliondoka hatujamaliza.

Unakumbuka siku Bwana Malimi alipoileta? Watoto wote wa mtaa walikuwa nyuma yake. Hawajawahi kuona pikipiki ya magurudumu manne, na kwa jinsi ilivyochuchumaa wakaiita Chura palepale. Yeye hakucheka. Tangu kununua pamba kuwe ruksa kwa kila mwenye mtaji, wanunuzi wanakimbizana vijijini, na anayefika wa kwanza ndiye anayepata pamba nyeupe. Chura ilikuwa inafika kijiji cha Zagayu vizuri, ila ikifungwa tela lenye pamba inazama kwenye mchanga wa mto, na kupanda ukingo wa pili haiwezi. Akafungua gunia akatoa kranki mpya aliyoagiza Nairobi. "Wameniambia hii inaongeza nguvu," alisema. "Sijui inaongezaje. Wewe ndiye fundi."

Jioni ile mimi nilikuuliza inaongezaje. Hukunijibu kwa maneno. Ulipindua baiskeli yako, ukashika pedeli, ukaniita mama kwa Kisukuma kama ulivyozoea: "Mayu, mkono wa pedeli ukiwa mfupi mguu unazunguka karibu. Ukiwa mrefu mguu unafika mbali, na mlima unapandika." Halafu ukainua kranki mpya kando ya ile ya zamani, nikaona mkono wake ni mrefu zaidi, kidogo sana, kama upana wa njiti mbili za kiberiti. Ukasema, "Sasa kazi ndiyo hiyo. Pistoni itashuka chini zaidi na itapanda juu zaidi. Ikipanda bila nafasi itagonga kifuniko, na hapo Malimi atapata chuma chakavu."

Zilikuwa wiki tatu nzuri kuliko zote za maisha yangu. Nilikuwa nimetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne, nasubiri majibu, na watu wakinisalimia natazama chini. Kwako sikutazama chini. Tulikwangua tumbo la injini kwa tupa mpaka konrodi, ule mkono unaosukuma pistoni, ikapata njia. Tulikata gasketi za maboksi, tukazipanga chini ya silinda ili kuinyanyua kwa kubahatisha, tupime kwanza, ndipo tutengeneze bati lenyewe la kukaa chini yake.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nakula. Ulinyoosha mkono ukamega ugali kwenye sahani yangu. Nilidhani una njaa. Ukaufinyanga, ukaubandika juu ya pistoni, ukaukandamiza kwa kidole gumba, ukafunga kifuniko. "Tukiizungusha kwa mkono, ugali utabanwa. Tukifungua tutaukata, tutaona nafasi iliyobaki. Ukiwa mwembamba kuliko shilingi moja, hatuwashi." Ukanionyesha ile sarafu uliyoitunza kwenye kopo la plagi, ambayo siku hizi hainunui hata njiti ya kiberiti. Halafu ukashika kifua. Ukanawa mikono. Ukasema, "Usiiguse. Nakuja tuizungushe."

Ulikwenda hospitali kwa miguu yako mwenyewe, Baba. Nilikuangalia mgongo mpaka ukakata kona.

Walisema ni moyo.

Kibanda kilifungwa siku zote za msiba, na vifaa vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe. Mimi peke yangu nilijua kwamba ndani ya injini mna ugali. Nilijua pia kwamba Chura haijakwisha, imefungwa kwa kupimwa tu. Lakini kwa nje ilionekana imekamilika. Ulikuwa hata umeipangusa.

Siku ya kuanua matanga Bwana Malimi alikuja, watu wakala wakashiba, na baba mdogo akasimama akasema, "Kaka hakuacha kazi nusu. Tuisikie kazi yake ya mwisho ndipo tutawanyike." Watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema. Wanaume wote wale, na mimi sijawahi kusema neno mbele ya watu zaidi ya watatu. Wakati wanasukuma meza nikapita nyuma ya kibanda Chura iliposimama, nikafungua boliti moja, nikachomoa kiki na kuifunga ndani ya kanga.

Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri kwako. Nilifikiri wasipoona kiki wataahirisha tu, waende zao, nami nitaifungua kimya kimya.

Baba mdogo akaja kupiga kiki, mguu ukakanyaga hewa. Akainama. "Kiki iko wapi?" Bwana Malimi akasema jana aliiona kwa macho yake. Wakatafuta chini ya benchi na kwenye majani. Ndipo shangazi akakaa chini taratibu, akasema kwa sauti ya chini, na wote wakamsikia: "Msitafute. Mwenyewe ameichukua. Hataki iwashwe." Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema basi kuna jambo marehemu hakuridhika nalo, itabidi ipikwe pombe, atafutwe mbuzi mweusi, marehemu aulizwe. Mwingine akasema labda kuna mtu alimkosea. Wakaanza kutazamana. Baba mdogo alikuwa ameinamisha uso, machozi yanamtoka, akisema, "Kaka, mimi nimekukosea nini?"

Na kiki ilikuwa tumboni kwangu, ndani ya kanga, nzito kama mtoto.

Nilipomwona analia nikaitoa, nikaiweka mezani katikati ya sahani. Nikasema, "Ni mimi. Ndani mna ugali."

Baba, hutaamini kelele zile. Baba mdogo akasema, "Mtoto amechanganyikiwa na msiba, mpeni maji." Bwana Malimi akashika kichwa: "Kranki imetoka Nairobi, halafu nyie mmeilisha ugali?" Watu wakacheka, hata yule mzee wa mbuzi mweusi. Mimi sikujua kucheka wala kueleza, nikachukua spana. Nikafungua nati moja baada ya nyingine.

Nilinyanyua kifuniko. Ulikuwepo. Umekauka, umekuwa mgumu kama kigae, na juu yake kuna alama ya kidole gumba chako. Mistari yote ilionekana, na lile kovu la msumeno limepita katikati.

Shangazi alisogea, akautazama kwa karibu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na tonge la ugali wa moto kwenye kiganja. "Huu unatosha?" akaniuliza. "Au na mboga?"

Nikaubandika, nikafunga, baba mdogo akazungusha kwa mkono polepole kama nilivyomwambia. Tulipofungua nikaukata kwa kisu, nikauweka kando ya shilingi yako. Ulikuwa mwembamba. Mwembamba kabisa, Baba, kama ganda la kitunguu. Maboksi hayakutosha. Tungepiga kiki siku ile, watu wangekwenda nyumbani wakisema fundi aliyelala pale Somanda aliharibu kazi yake ya mwisho.

Nilitengeneza bati kutoka kwenye kile kipande cha alumini ulichokiweka chini ya kitanda. Siku tatu za tupa. Vidole vilitoka damu kidogo, si sana. Nilipima kwa ugali mara nne mpaka shangazi akasema injini hii inakula kuliko watu. Mara ya nne shilingi na ugali vilikuwa sawa. Ndipo tukaiwasha.

Sauti yake imebadilika. Zamani ilikuwa inalia kama mbuzi, sasa inanguruma chini chini kama dume lililoshiba. Tulifunga tela, tukapakia magunia, na Chura ikashuka mtoni, ikapita kwenye mchanga, ikapanda ukingo wa pili bila kusimama. Nikageuka kukuambia, "Sikia." Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Bwana Malimi alimshika baba mdogo mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, fundi," akamshukuru, "wabeja sana." Baba mdogo, ambaye hajui spana namba kumi wala kumi na mbili, akanitazama ili nimsahihishe. Nami nikatazama chini.

Kwa hiyo unaona, Baba. Siwalaumu watu wanaochungulia juu ya kichwa changu. Nani amewaambia kwamba aliyeimaliza Chura ni mimi? Asubuhi nafagia, nafungua dirisha, napanga spana kwa ukubwa kama ulivyopenda, halafu naketi. Mchana nakula peke yangu na kila mara nabakiza tonge moja upande wako wa sahani. Jua likishuka nafunga. Kuna siku sisemi neno isipokuwa hilo moja, hayupo, na kila nikilisema ni kama nakuzika upya.

Kile kipande chenye alama ya kidole chako nilikiweka kwenye kopo la plagi pamoja na shilingi. Juzi nilifungua nikakuta sisimizi. Wamekula pembeni kote, na mistari ya upande mmoja imekwisha. Nilitaka kuwapuliza, nikaacha. Nikajikuta nabonyeza kidole gumba changu kwenye grisi ya benchi, kutazama kinaacha alama ya namna gani. Sina kovu bado. Mengine yanafanana.

Uliniambia nisiiguse mpaka urudi. Nimeigusa, Baba. Usingerudi, na mimi nilijua siku nyingi kabla ya kukubali.

Lala salama. Shilingi yako nitaendelea kuitunza, na hakuna injini itakayowashwa hapa kabla sijaizungusha kwa mkono. Lakini ahadi yangu yenyewe ni nyingine, nayo ni ngumu kwangu kuliko tupa siku tatu. Yule mwenye moshi atarudi, maana ringi zile hazitamfikisha mbali. Ataizima mbele ya kibanda, atachungulia, atauliza kama fundi yupo.

Nitasimama, Baba. Nitamwangalia usoni, nami nitasema, "Yupo. Ingiza pikipiki."

Mwanao,
Kabula